Duara lenye pembe nne: duaradufu, haipabola na parabola kwa kipimo cha teksi

Swali la msomaji, mwanafunzi wa sekondari: "Shikamoo mwalimu. Nimesikia kwamba ipo jiometri ambamo duara ni mraba, kwa sababu umbali unapimwa kwa kufuata njia za wima na za mlalo tu, kama teksi inavyopita mitaani. Nimelichora nikakubali. Lakini duaradufu, haipabola na parabola zinakuwaje huko? Zinastahili bado kuitwa kwa majina hayo? Na hii ni hisabati ya kweli au ni mchezo tu? Kama ni ya kweli, nianzie wapi kuchora mwenyewe?"

Marahaba. Nianze na hilo la majina, maana mengine yote yanaliegemea. Majina yanabaki kwa sababu maana zake hatukuzigusa. Duara ni nukta zote zilizo umbali uleule kutoka kitovu. Duaradufu ni nukta zote ambazo umbali wake kutoka nukta mbili maalumu, ziitwazo fokasi, ukijumlishwa hutoa jumla ileile. Haipabola ni hivyohivyo, ila badala ya kujumlisha unatoa. Parabola ni nukta ambazo umbali wake kutoka fokasi moja ni sawa na umbali wake kutoka mstari mmoja, uitwao mstari elekezi. Yasome tena maneno hayo polepole. Hakuna panapotajwa kupinda wala kuviringa; kinachotajwa ni umbali tu. Ule mviringo tuliouzoea haukuletwa na maana ya duara, uliletwa na rula. Ukibadili rula na maana ukaiacha ilivyo, umbo linalojitokeza lina haki kamili ya kuitwa duara, hata likiwa na pembe nne.

Rula ya kawaida ni ya Pythagoras: kutoka (0, 0) hadi (3, 4) ni 5, kwa sababu 9 na 16 ni 25, na kipeuo chake cha pili ni 5. Rula ya teksi inasema ni 7, yaani 3 kwa mlalo na 4 kwa wima. Kwa mlinganyo, umbali kati ya (a, b) na (c, d) ni |a − c| + |b − d|. Vile vistari vya wima vina maana kwamba tunachukua ukubwa wa tofauti na kuitupa alama ya kutoa. Wazo la kupima umbali kwa njia zaidi ya moja lilijengewa msingi na Hermann Minkowski, aliyeishi kati ya 1864 na 1909. Alionyesha kwamba umbo lolote lisilo na bonde, linalolingana pande zote mbili za kitovu chake, laweza kuwa duara la jiometri fulani. Jina la teksi lilikuja baadaye. Karl Menger alilitumia mwaka 1952, katika kijitabu kilichoandamana na maonyesho ya jiometri kwenye jumba la makumbusho la sayansi na viwanda huko Chicago.

Umesema duara umelichora, kwa hiyo nitalipitia haraka, ila kuna kosa moja ninaloliona mara nyingi. Chukua kitovu (0, 0) na nusukipenyo 5. Unapata mraba uliosimama kwa ncha, wenye pembe (5, 0), (0, 5), (−5, 0) na (0, −5). Sasa mzingo wake ni kiasi gani? Wengi hukimbilia kusema kila upande ni kipeuo cha pili cha 50, yaani kama 7.07. Hapo wameshachanganya rula mbili: duara wamelichora kwa teksi, upande wameupima kwa Pythagoras. Kwa teksi, kutoka (5, 0) hadi (0, 5) ni 10. Pande nne ni 40, kipenyo ni 10, kwa hiyo mzingo ukigawanywa kwa kipenyo ni 4 kamili. Pai ya huku ni 4. Na hiyo 4 haikutokea kwa bahati. Mwaka 1932 Stanisław Gołąb alithibitisha kwamba katika jiometri zote za aina hii aliyoijenga Minkowski, pai haishuki chini ya 3 wala haipandi juu ya 4. Yenye 3 ni ile ambayo duara lake ni pembesita sawa, au pembesita hiyo ikiwa imevutwa upande mmoja bila pande zake kuacha kuwa sambamba. Yenye 4 ni ile ambayo duara lake ni msambamba, na mraba wetu ni mmojawapo. Tuko ukingoni kabisa.

Hapa kuna shaka ambayo huwapata watu makini, na bora niiondoe kabla hatujaenda mbele. Wanasema: ukizifanya njia ziwe nyembamba na nyingi mno, teksi itapita kwa ngazi ndogondogo hadi ngazi zisionekane; je, mwishowe umbali wa teksi hautakuwa sawa na ule wa Pythagoras? Hapana, hata kidogo. Panda kutoka (0, 0) hadi (1, 1) kwa ngazi 10, kwa ngazi 1,000, au kwa ngazi milioni moja: jumla ya mlalo ni 1, jumla ya wima ni 1, safari ni 2 kila mara. Mstari wa mshazari ni 1.414 na kidogo. Ngazi hukaribia mstari kwa mahali zilipo lakini hazikaribii kwa mwelekeo. Kila kipande cha ngazi bado kinatazama juu au kando, hakuna hata kimoja kinachotazama kimshazari. Kwa hiyo hizi ni jiometri mbili tofauti kwelikweli.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika jambo tunalolitumia bila kufikiri: kuzungusha umbo. Kwa Pythagoras, ukikata pembetatu ya karatasi ukaizungusha mezani, pande zake hazibadiliki urefu. Kwa teksi zinabadilika. Chukua nukta (0, 0), (2, 0) na (0, 2). Pande mbili zina urefu wa 2, pembe kati yake ni pembemraba, na upande wa tatu ni 4. Sasa chukua (0, 0), (1, 1) na (−1, 1). Pande mbili za kwanza tena ni 2 na 2, pembe kati yake tena ni pembemraba, lakini upande wa tatu ni 2. Pembetatu yenye pande tatu sawa na pembemraba ndani yake! Ile kanuni ya kwamba pande mbili na pembe iliyo kati yake zikilingana basi pembetatu zinalingana, huku imekufa. Ukibakiza kitovu mahali pake, kuna namna 8 tu za kugeuza bapa, yaani uso wote tambarare tunaochorea, bila kuharibu umbali: kuzungusha kwa robo robo, ambako kunatoa namna 4 ukihesabu na ile ya kutogusa kitu, na kupindua juu ya mihimili miwili au juu ya mishazari miwili. Kwa hiyo kila ninapokueleza umbo la kipinda fulani, sharti niseme pia fokasi zake zimekaa vipi. Fokasi zilizo sambamba na mhimili hutoa umbo moja, zilizokaa kimshazari hutoa jingine, na hilo ndilo linalofanya somo hili liwe tamu.

Sasa chombo cha kuchorea. Usihesabu nukta mojamoja, utachoka bure. Angalia namna |x − 3| inavyofanya kazi: kulia kwa 3 ni x − 3, kushoto kwa 3 ni 3 − x, na penye 3 penyewe kuna mkunjo. Basi kwenye kila fokasi pitisha mstari mmoja wa wima na mmoja wa mlalo. Hiyo ndiyo mikunjo ya karatasi yako. Fokasi mbili zilizokaa kimshazari zitaigawa karatasi katika vyumba 9. Zikiwa kwenye mstari mmoja wa mlalo, vyumba ni 6. Ndani ya chumba kimoja alama zote zinajulikana, vile vistari vinaondoka, na mlinganyo unabaki kuwa wa mstari mnyoofu. Kipinda kinavunjika pale tu kinapovuka mkunjo. Hii ndiyo sababu ya pekee ya maumbo yote ya huku kuwa na pembe.

Tuanze na duaradufu yenye fokasi (−3, 0) na (3, 0), jumla ya umbali 10. Mlinganyo ni |x + 3| + |x − 3| + 2|y| = 10. Katika vyumba vya kati, x ikiwa kati ya −3 na 3, mbili za kwanza zinajumlika kuwa 6 daima, kwa hiyo y ni 2 au −2: mistari miwili ya mlalo. Nje ya hapo mlinganyo unakuwa |x| + |y| = 5, yaani mishazari. Ukiunganisha unapata pembesita yenye ncha (5, 0), (3, 2), (−3, 2), (−5, 0), (−3, −2) na (3, −2). Ni kama duara letu la mraba lililopasuliwa katikati kwa wima, nusu zake zikasogezwa mbali, na pengo likazibwa kwa mistari iliyonyooka.

Sasa ziweke fokasi kimshazari: (−2, −1) na (2, 1), jumla 10 vilevile. Pitia vyumba 9. Cha katikati hakina kitu, kwa sababu humo jumla ni 6 daima. Juu yake unapata y = 3, kulia unapata x = 4, na katika chumba cha pembeni, juu kulia, unapata x + y = 5, mshazari unaotoka (2, 3) hadi (4, 1). Ukimaliza pande zote umepata pembenane.

Lakini simama hapo. Andika mlinganyo wake wote: |x + 2| + |x − 2| + |y + 1| + |y − 1| = 10. Sasa niambie, fokasi zilikuwa (−2, −1) na (2, 1), au zilikuwa (−2, 1) na (2, −1)? Mlinganyo haujui. Sehemu ya x imejitenga na sehemu ya y, na hakuna tena kinachokumbuka −2 iliambatana na −1 au na 1. Pembenane ileile ni duaradufu ya jozi mbili tofauti za fokasi. Pembe zote nne za mstatili ule wa katikati ni fokasi zake. Kwa Pythagoras jambo hili haliwezekani kabisa. Mtu akikuonyesha duaradufu ambayo si duara, fokasi zake ni mbili hizo tu. Nimelifundisha hili miaka mingi, na bado kila ninapolifikia naona kama nimefunguliwa dirisha.

Punguza jumla polepole sasa. Kwa Pythagoras, jumla ikishuka hadi kulingana na umbali kati ya fokasi, duaradufu inabanwa hadi kuwa kipande cha mstari. Huku umbali kati ya (−2, −1) na (2, 1) ni 6. Weka jumla 6, na chumba chote cha katikati kinaingia: mstatili mzima uliojaa, kila nukta iliyo ndani yake. Ukifikiria teksi utaona sababu: kutoka fokasi moja hadi nyingine kuna njia fupi nyingi, na nukta yoyote ya mstatili iko juu ya mojawapo. Kwa mitaa iliyopangwa kwa uniti mojamoja, safari ya hatua 4 za mlalo na 2 za wima ina njia fupi 15, zote za urefu mmoja.

Haipabola ndiyo inayoshangaza kuliko zote, na nitakaa nayo kidogo. Tukirudi kwenye fokasi (−3, 0) na (3, 0) na tofauti ya 4, sehemu za y zinafutana: |x + 3| + |y| − |x − 3| − |y|. Y imetoweka. Kinachobaki ni x = 2 na x = −2, mistari miwili ya wima, mirefu bila mwisho, isiyo na mvunjiko wowote. Ndiyo, jozi ya mistari sambamba ni haipabola. Ongeza tofauti hadi 6, na ghafla nukta zote zenye x kuanzia 3 kwenda kulia zinaingia, na zote zenye x kuanzia −3 kwenda kushoto. Kila tawi, yaani kila kimoja kati ya vipande viwili vya haipabola, limekuwa nusu ya bapa.

Kwa fokasi za kimshazari (−2, −1) na (2, 1) kuna hali tatu, na mpaka kati yake ni namba 2, ambayo ni upana wa mstatili, 4, ukitoa kimo chake, 2. Tofauti ikiwa kubwa kuliko 2, mathalani 4, tawi la kulia linakuja kwa mlalo kando ya y = 0 kutoka mbali hadi (2, 0), linapanda kimshazari hadi (1, 1), kisha linakwenda juu moja kwa moja kwenye x = 1. Tofauti ikiwa ndogo kuliko 2, mathalani 1, mikono yote miwili ni ya wima: mmoja unashuka kwenye x = 1.5, mwingine unapanda kwenye x = −0.5, na kati yake kuna mshazari wa kuunganisha. Na ikiwa 2 kamili? Tawi la kulia linashuka kwenye x = 0 kutoka juu hadi (0, 1), linafuata mshazari hadi (2, −1), na hapo linafunguka: nukta zote zilizo kulia kwa 2 na chini ya −1 ni zake. Mstari unaingia, robo nzima ya bapa inatoka. Ukiwa na shaka pima moja, tuseme (10, −7). Kutoka (−2, −1) ni 12 na 6, yaani 18. Kutoka (2, 1) ni 8 na 8, yaani 16. Tofauti ni 2.

Ukiweka tofauti 0, unatafuta nukta zilizo sawa kwa umbali kutoka nukta mbili, ule mstari ambao shuleni huchorwa kwa bikari, ukikata katikati kwa pembemraba. Mara nyingi huku ni mstari uliovunjika mara mbili. Lakini kwa nukta (0, 0) na (4, 4), ambazo upana na kimo cha mstatili wake ni sawa, unapata mshazari kutoka (0, 4) hadi (4, 0) pamoja na robo mbili nzima za bapa, moja juu kushoto na nyingine chini kulia. Katika robo hizo kila nukta iko katikati.

Parabola ya kawaida nitaisema kwa kifupi. Fokasi (0, 2), mstari elekezi y = −2. Kutoka (0, 0) inapanda kwa mistari miwili yenye mteremko wa nusu hadi (4, 2) na (−4, 2), kisha kuta mbili zinasimama wima juu bila mwisho. Ni kama faneli iliyofungwa chini. Kwa Pythagoras mikono ya parabola hutanuka daima. Huku ikifika kimo cha fokasi haitanuki tena.

Kuna jambo ambalo vitabu vya shule havina sababu ya kulitaja, kwa kuwa kwa Pythagoras halionekani. Duaradufu ina maana nyingine, isiyo ya fokasi mbili: nukta ambazo umbali wake kutoka fokasi ni nusu, au sehemu nyingine isiyofika 1, ya umbali kutoka mstari elekezi. Na ina maana ya tatu, ya kukata koni kwa bapa, ambayo ndiyo waliyoanza nayo Wagiriki. Kwa Pythagoras zote tatu hutoa kipinda kimoja. Germinal Dandelin mwaka 1822 alitoa uthibitisho mzuri sana wa kuunganisha mkato wa koni na fokasi mbili, kwa kuingiza matufe ndani ya koni. Kwa teksi maana hizo zinaachana. Weka fokasi (0, 0), mstari elekezi y = −6, na uwiano wa nusu. Utapata umbo la tiara lenye ncha nne: (3, 0), (0, 6), (−3, 0) na (0, −2). Si pembesita wala pembenane. Basi swali lako la majina lina jibu la pili: majina yanabaki, lakini unapaswa kusema ni kwa maana ipi, kwa sababu ule umoja tuliouona shuleni ulikuwa zawadi ya rula ya Pythagoras, haukuwa ndani ya maneno.

Kuhusu kama ni mchezo: hapana. Nyaya ndani ya saketi za kompyuta hupangwa kwa sehemu kubwa kwa mlalo na wima, na urefu wake huhesabiwa hivi hivi. Anayetafuta mahali pa kuweka kituo kimoja ili jumla ya safari za teksi kwenda kwa wateja wote iwe ndogo kabisa ana kazi rahisi ajabu, kwa sababu x na y zinajitenga kama tulivyoona kwenye pembenane. Panga x zote kwa ukubwa, chukua ya katikati. Fanya vivyo hivyo kwa y. Wateja wakiwa kwenye 1, 2 na 9, weka kituo kwenye 2: jumla ni 8. Ukiweka kwenye wastani, ambao ni 4, jumla ni 10. Na yule wa 9 akihamia 900, kituo hakisogei. Ukaidi huo ni wa thamani kubwa kwa wanaochambua takwimu zenye makosa ya hapa na pale, na si wa jana: Ruđer Bošković alitumia jumla ya tofauti zisizo na alama mwaka 1757, alipokuwa akilinganisha vipimo vya umbo la Dunia.

Ukicheza sataranji, umeshaishi katika jiometri ndugu yake. Mfalme husogea hatua moja upande wowote, mshazari ukiwemo, kwa hiyo umbali wake ni ile tofauti iliyo kubwa kati ya mlalo na wima. Duara lake ni mraba uliolala sawa. Badilisha majira, yaani namba za kutaja mahali pa nukta, kwa kuweka u = x + y na v = x − y, na umbali wa teksi unageuka kuwa umbali wa mfalme bila kupungua wala kuzidi. Katika bapa, basi, jiometri hizi mbili ni moja iliyogeuzwa. Ukiongeza mwelekeo wa tatu udugu unakatika: tufe la mfalme ni mchemraba wenye nyuso 6, tufe la teksi lina nyuso 8 za pembetatu.

Sasa pa kuanzia. Chukua karatasi ya miraba na uchore parabola ambayo sikukuchorea: fokasi (2, 2), mstari elekezi x + y = 0, ule mshazari unaopita kwenye chanzo. Umbali wa teksi kutoka nukta yoyote hadi mstari huo ni |x + y|, kwa kuwa ukitembea kwa mlalo tu, au kwa wima tu, unaufikia kwa hatua hizohizo. Pitisha mikunjo miwili kwenye fokasi, upate vyumba 4. Nukta (1, 1), (2, 0) na (5, 0) zimo. Zipime kwanza ili mkono uzoee. Ukimaliza, chukua karatasi ya pili na uchore haipabola yenye fokasi (2, 2) na (−2, −2), tofauti 4. Kisha weka karatasi moja juu ya nyingine dirishani. Kwa Pythagoras hakuna parabola iliyowahi kuwa tawi la haipabola. Hapa utaona tawi la juu kulia limeifunika parabola yako yote, nukta kwa nukta.